Wakati mtoto anangoja shule, nyumba ifundishe

Maneno yaliyosemwa na ajenti wa tereni mbele ya wanachama na wageni wafadhili, katika mkutano mkuu wa chama hapa Baraka. Tunayachapisha kwa sababu wamama wengi waliyaomba.

  

Komite imeniomba nizungumze juu ya masomo ya watoto nyumbani, na namna imani na maisha ya jamaa vinavyoingia humo. Nafikiri waliniomba mimi kwa sababu mbili. Ya kwanza, kazi yangu inaniingiza ndani ya parsela zenu kila juma, na ninaona watoto wanaokaa. Ya pili, wengi wenu mnajua kwamba mimi na mume wangu tulifundisha watoto wetu watatu nyumbani kwa mwaka mzima na zaidi. Nitasema juu ya yote mawili, na mwisho nitaweka ombi moja mbele ya chama, mlikubali ao mlikatae.

MTOTO ANAYENGOJA

Tuanze na mambo tunayoyajua sote. Tangu vita ya 1996 na ile ya 1998, watu wa Fizi na Uvira walivuka ziwa kwenda Kigoma kwa maelfu. Kule Lugufu na Nyarugusu walizaliwa watoto ambao hawakuwahi kuona Congo. Mwaka 2005 safari za kurudi kwa mpango zilianza kufika hapa Baraka. Mwaka 2009 kambi ya Lugufu ikafungwa. Tangu hapo kurudi hakukuisha, na wengi walirudi kwa nguvu zao wenyewe, jamaa moja moja.

Jamaa ikifika, kitu cha kwanza ni kutafuta paa. Cha pili ni shamba, na mara nyingi shamba la baba limeshalimwa na mwingine. Cha tatu ni chakula cha kesho. Shule inakuja nafasi ya nne ao ya tano, na hakuna anayeweza kumlaumu mzazi kwa hiyo.

Halafu siku mzazi anaenda shuleni, anaulizwa: buletini iko wapi? Buletini ilibaki kambini. Ao ililowa maji njiani. Ao iko, lakini ni ya nchi nyingine na direkta haelewi madaraja yake. Mtoto aliyesoma Nyarugusu alifuata programu ya Congo kwa Kifaransa, huyo ana nafuu. Lakini aliyekaa mjini upande wa Tanzania alisoma kwa Kiswahili. Aliyetoka Nakivale kule Uganda ao Meheba kule Zambia alisoma kwa Kiingereza. Aliyekuwa Burundi alianza kwa Kirundi. Mtoto wa miaka 12 anaambiwa aketi na wadogo wa miaka 7 kwa sababu hajui Kifaransa. Anaona haya. Anaenda juma moja, anaenda mawili, halafu anabaki nyumbani.

Na iko kalenda. Mwaka wetu wa shule unaanza Septemba. Boti na malori hayafuati Septemba. Anayefika Novemba ao Februari anaambiwa angoje mwaka ujao, na wazazi wanaona ni jambo la kawaida. "Atangoja tu, mama." Nimesikia neno hilo kwa avenyu nyingi.

Ndugu zangu, ni ndani ya kungoja huko ndipo watoto wetu wanapotelea. Miezi saba, miezi minane, kijana hawezi kukaa bure. Anaingia mtumbwini usiku kuvua ndagala. Anasikia habari za dhahabu ya Misisi, anafuata wenzake. Msichana anabeba mtoto wa dada yake mgongoni, anauza ndizi, na mtu anaanza kuuliza habari zake kwa baba. Septemba ikifika, direkta yuko tayari kupokea, kiti kiko, lakini mtoto mwenyewe hayuko tena. Sikusoma hayo kwa rapoti ya mtu. Ninaweza kuwaonyesha milango.

Kwa hiyo neno langu leo ni moja: mtoto akiwa anangoja shule, nyumba isingoje pamoja naye. Nyumba ianze kufundisha tangu juma la kwanza. Na ifundishe kwa shabaha ya kumfikisha shule.

KATIBA INASEMA NINI, NA MAKANISA YAMEFANYA NINI

Wako wanaoogopa kwamba kufundisha mtoto nyumbani ni kukosea serikali. Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 43, ina mambo mawili ambayo ningependa kila mzazi ayashike. La kwanza: wazazi wana haki ya kuchagua namna ya malezi na masomo ya watoto wao. La pili: shule ya msingi ni ya lazima, na katika shule za serikali ni ya bure. Yote mawili yamo ndani ya kifungu kimoja. La kwanza linakupa ruhusa ya kuwa mwalimu wa mtoto wako. La pili linakukataza kutumia ruhusa hiyo kumficha nyumbani.

Ile bure ilianza kutekelezwa Septemba 2019. Tunashukuru. Lakini mnajua madarasa yalivyojaa. Mwalimu mmoja akiwa mbele ya watoto wengi vile, hawezi kumshika mkono mtoto aliyetoka ng'ambo bila lugha. Kama hakushikwa nyumbani, hatashikwa.

Na sisi watu wa imani tusisahau historia. Shule nyingi za nchi hii zilijengwa na makanisa. Mwishoni mwa 1974 serikali ya Mobutu ilizichukua zote. Mwaka 1977 ikazirudisha kwa mapatano: Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu wakapewa kuziongoza, na Waislamu wakafuata baadaye. Ndiyo sababu hadi leo tunasema "shule konvansione". Serikali inaweka programu na mitihani, kanisa linaongoza nyumba. Kwetu Congo imani na shule vilitembea pamoja tangu zamani. Lakini kuna kitu ambacho si serikali wala kanisa linaweza kufanya mahali pako, nacho ni ile saa ya jioni mtoto akiwa amekaa kando ya mama yake.

TULIVYOFANYA NYUMBANI KWETU

Machi 2020, juu ya ugonjwa wa Korona, shule zote zilifungwa. Radio Okapi ilipitisha masomo hewani, na aliyekuwa na radio na betri alisikiliza. Sisi tulianza kufundisha siku zile zile. Shule zilipofunguliwa, kazi yangu ilikuwa imetupeleka mahali ambapo shule ilikuwa ng'ambo ya mto, na wakati wa mvua mto ule haukuvukika kwa watoto. Basi tuliendelea, na kazi tuliigawa. Mume wangu alishika hesabu. Mimi nilishika Kifaransa, kusoma na kuandika. Mama mkwe wangu, ambaye hakuingia darasani hata siku moja, alishika Kibembe, hadithi na sala.

Mambo matatu niliyojifunza nitawapa.

La kwanza, muda. Siku za mwanzo tulijaribu kuiga shule: asubuhi hadi saa sita, kengele, daftari la mahudhurio. Kazi za nyumbani zilikataa. Tukabaki na saa moja na nusu, kila siku, bila kukosa: robo tatu ya saa asubuhi mapema kabla ya shamba na kazi, robo tatu jioni. Watoto walisonga mbele kwa muda huo mfupi. Sababu ni rahisi. Watoto watatu mbele ya mtu mzima mmoja, kila mmoja anasoma kwa sauti kila siku. Katika darasa lililojaa, mtoto anaweza kumaliza juma bila kusoma sentensi moja mbele ya mtu.

La pili, asiyesoma anaweza kufundisha. Hili nalisema kwa nguvu, juu ya wamama wengi wananiambia: "Mimi sikusoma, nitamufundisha nini?" Sikilizeni. Mama mkwe wangu alikuwa anamwambia mjukuu: chukua Biblia ya Kiswahili, nisomee habari za Ruthu, ao za Yona. Yeye herufi hazijui. Lakini hadithi zile amezisikia kanisani miaka hamsini, anazijua kwa moyo. Mtoto akianza kubahatisha neno, bibi anamkata: "Hapana, hapo haikosema hivyo. Rudia." Mtoto alirudi kwenye herufi moja moja mpaka akalipata. Nawaambia, mimi mwenye diplome ya chuo kikuu sikuwa na sikio kali kama lile. Kwa jamaa ya Kiislamu ni vilevile: mzee aliyeshika sura kwa moyo anajua mara moja mtoto alipokosea. Tena mama asiyesoma anaweza kushika saa, kuketi karibu, kuuliza "leo umejifunza nini, nielezee". Mtoto anayemweleza mama yake somo amelisoma mara mbili.

La tatu, kazi zetu zina masomo ndani yake. Hatukuwa na vitabu vya kutosha. Tulikuwa na mawese. Mume wangu alileta bidoni ya lita 20 na chupa za sentilita 75. Akauliza: nikijaza chupa, nitapata ngapi? Watoto walihesabu, wakabishana, mwisho wakajaza kweli: chupa 26, na nusu lita ikabaki. Halafu: tulinunua bidoni kwa franka kiasi hiki, tunauza chupa kwa kiasi hiki, faida ni ngapi? Na ile nusu lita iliyoingia kwenye sombe ya nyumbani, tuiandike wapi? Hapo mtoto amejifunza kugawanya, kutoa, vipimo na biashara kwa siku moja. Mvuvi ana hesabu yake, fundi wa matofali anayo, mama wa sokoni anayo. Msiseme hamna vifaa.

IMANI JIONI, NA IMANI INAYOTUMIWA VIBAYA

Sasa nije kwa imani, maana komite iliniomba nisiiache.

Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 6, wazazi wanaamriwa kuwafundisha watoto nyumbani na njiani, wanapolala na wanapoamka. Kazi ile haikupewa hekalu. Timotheo alipokea imani kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike; Paulo aliwataja kwa majina. Na ndugu zetu Waislamu wanajua kwamba neno la kwanza Mtume alilopewa lilikuwa amri ya kusoma. Basi mzazi anayefungua kitabu na mtoto wake jioni hafanyi kitu cha wazungu, wala cha matajiri. Anafanya kitu cha zamani sana.

Kwetu sala ya jioni ndiyo iliyofungua na kufunga masomo. Ilitusaidia kwa namna ambayo sikuitazamia: ilifanya saa isisahaulike. Mtu anaweza kuchoka na hesabu, lakini sala ya jamaa hakuna aliyethubutu kuiruka. Masomo yakasimama imara juu ya ile desturi.

Na nyumbani watoto wanauliza maswali ambayo hayaandikwi kwenye tablo. Jioni moja binti yangu aliuliza: "Juu ya nini Mungu alivusha babu na bibi ziwa, na wengine wakazama?" Mume wangu alinyamaza kitambo. Akamwambia: "Sijui, mwanangu. Tuwakumbuke majina." Tukawakumbuka, mmoja mmoja, na bibi akaongeza majina ambayo hata sisi hatukuyajua. Usiku ule hatukusoma kitu kingine. Historia ya watu wetu iliingia nyumbani kwangu siku ile, na imani haikupungua kwa sababu baba alisema hajui.

Lakini niseme pia mambo ninayoyaona na ambayo hayanifurahishi.

Wako wanaosema: "Tunaomba, Mungu atafungua mlango wa shule." Ndiyo, tuombe. Lakini wakati tunaomba, mtoto ashike kalamu. Mkulima anaomba mvua akiwa ameshalima.

Wako wanaogeuza imani kuwa fimbo. Mtoto amekosea kuandika, anaambiwa Mungu amekasirika. Wapendwa, Mungu hakasirikii imla. Mtoto akiunganisha kitabu na hofu, atakimbia vyote viwili, kitabu na Mungu.

Na wako wachache wanaomzuia msichana asiende shule wakisema shule itaharibu imani yake. Mimi nilipitia shule hadi chuo kikuu, na niko hapa mbele yenu. Imani inayoharibika kwa kujua kusoma ilikuwa dhaifu tangu nyumbani. Mfundisheni vizuri nyumbani, kisha mmwachie aende.

JAMAA INALIPA BEI

Sitaki kuwadanganya kwamba ni rahisi. Kuwa mama na mwalimu kwa siku ile ile kunachosha. Jioni nyingine sauti yangu ilipanda juu ya kazi ya ofisini na si juu ya kosa la mtoto. Kama mnataka kufanya jambo hili, mkubaliane kwanza baba na mama: nani atafundisha, nani atapika, nani atawashika wadogo. Pale ambapo baba anatoka nje mara masomo yanapoanza, masomo yatadumu majuma mawili.

Na tuangalie wasichana. Saa ya jioni ndiyo saa ya maji, ya moto, ya bugali. Ukisema "masomo ni jioni", umesema masomo ni ya wavulana. Dawa yake ni moja kati ya mbili: ao masomo yawe alfajiri, ao wavulana wabebe ndoo kama dada zao. Kwangu kijana alibeba ndoo. Majirani walicheka siku tatu, siku ya nne wakazoea.

KITU AMBACHO NYUMBA HAIWEZI

Kama nyumba inaweza yote hayo, juu ya nini basi tuhangaike na shule? Swali hili niliulizwa na baba mmoja, na ni swali zuri.

Nyumba haitoi mtihani wa taifa wa darasa la sita. Haitoi diplome ya Eta. Wengi wetu hatuwezi kusemesha watoto Kifaransa siku nzima, na Kifaransa ndicho kitatumika mpaka mwisho wa masomo yao. Sayansi na jiografia tunazigusa tu.

Na kuna jambo kubwa kuliko hayo. Nyumbani mtoto anakutana na damu yake mwenyewe. Hapa Fizi tunaishi Wabembe, Wabuyu, Wafuliiru, Wanyindu, Banyamulenge, na wakimbizi wa Burundi pale Lusenda. Mnajua tumezikana mara ngapi juu ya makabila. Mimi sijui mahali pengine ambapo watoto wa makabila haya watakaa miaka sita bega kwa bega, wakiazimana kalamu, isipokuwa shuleni. Aliyelelewa nyumbani tu atamjua mwenzake kwa maneno ya wakubwa, na maneno yetu wakubwa yana majeraha. Sisi tuliorudi tunahitaji watoto wetu wajulikane na majirani wapya, waitwe kwa majina yao, waache kuitwa "rapatriye".

Ndiyo sababu mto ulipopata daraja la miti, wetu watatu walienda shule juma lile lile. Mkubwa aliingia darasa lake bila kurudishwa nyuma.

Kwa wale waliopitisha umri, iko njia ya vituo vya kurekebisha masomo, ambapo miaka sita ya msingi inasomwa kwa miaka mitatu, ngazi tatu. Mtoto aliyefundishwa nyumbani miezi ya kungoja anaweza kupimwa na kuanzia ngazi ya pili. Aliyekaa bure ataanzia chini, na kijana mkubwa akianzia chini mara nyingi hamalizi.

OMBI LANGU KWA CHAMA NA KWA WAFADHILI

Ninaomba chama kijaribu kitu kidogo. Tukiite kona ya masomo. Jamaa tano za avenyu moja zinakubaliana. Mkeka mmoja, tablo moja ya ubao uliopakwa rangi nyeusi, chaki, taa moja ya sola. Kijana mmoja mwenye D6 anayengoja kazi, na tunao wengi, anashika Kifaransa na hesabu mara nne kwa juma. Wazazi wanapokezana kuketi hapo, wanaosoma na wasiosoma. Mchungaji, katekista ao sheikh anapita mara moja kwa juma kuwatia moyo, bila kugeuza kona kuwa mahubiri, kwa sababu watoto wa dini zote watakuwepo.

Na kila mtoto awe na kaye moja ambayo haichanwi: tarehe, alichosoma, alichoandika, hesabu alizofanya, sahihi ya mzazi ao alama ya kidole. Kaye hiyo haiwezi kuchukua nafasi ya buletini, na tusimwambie mzazi hivyo. Lakini mzazi anayefika mbele ya direkta na kaye ya miezi sita anaomba jambo tofauti. Anaomba mtoto apimwe. Direkta wawili niliozungumza nao waliniambia kwamba mtoto mwenye kitu cha kuonyesha, wao wanampima; asiye na kitu, wanamweka chini.

Kwenu wafadhili: tunawashukuru kwa mifuko ya shule na yunifomu. Watoto wanaipenda. Lakini mfuko unamsaidia mtoto aliyekwisha kupokelewa, na mimi leo nimesema juu ya yule ambaye bado. Kwa yule tunaomba taa, tablo, kaye, vitabu vya kusoma vya Kiswahili na Kifaransa, motisha ndogo kwa kijana wa D6, na nauli ya mzazi kwenda ofisi ya elimu kutafuta karatasi. Ni vitu visivyopendeza kwenye picha. Vinamshika mtoto asiende Misisi.

Na kwenu wanachama: msingoje wafadhili. Mkeka mnao. Hadithi mnazo. Mawese mnayo. Usiku wa leo mtoto wako anaweza kukusomea.

Mungu abariki nyumba zenu. 

MASWALI YALIYOULIZWA

Mama mmoja aliuliza: nina watoto wa miaka 6, 9 na 13. Niwafundishe pamoja?

Jibu: Sala na hadithi pamoja. Kusoma, mkubwa amsikilize mdogo. Hapo mkubwa naye anajifunza. Hesabu watengane, kila mmoja na yake.

Mzee mmoja aliuliza: lugha gani kwanza, Kibembe, Kiswahili ao Kifaransa?

Jibu: Kusoma kuanze kwa lugha ambayo mtoto anaisikia vizuri. Kwa wengi wetu ni Kiswahili, na ndivyo programu ya nchi inavyotaka kwa madarasa ya mwanzo, kwa lugha ya mahali. Akishajua kusoma, Kifaransa anakiingia kwa njia ile ile. Kibembe kisipotee, bibi na babu ndio wenye kazi hiyo. Kwa aliyetoka Zambia ao Uganda: Kiingereza chake si aibu, msimcheke nacho.

Baba mmoja aliuliza: kama nafasi haipatikani hata Septemba?

Jibu: Leta jina kwa komite Julai, usingoje Septemba. Tutaenda pamoja kwa direkta, na kaye mkononi.

Komite inaongeza: baada ya majadiliano, mkutano ulikubali kujaribu kona za masomo katika avenyu tatu hadi mwanzo wa mwaka wa shule. Jamaa zinazotaka kuandikishwa zimwone katibu siku ya Jumatano, baada ya saa nane.